Udongo wa Mjomba Dadi

Zuhura, Somoe kamaliza udongo wa mjomba Dadi! Ule wa kwenye mkebe!

Si unajua mjomba hakusomea uchoraji, kauanzia kwa mama yake, aliyekuwa akisiriba nyumba yao kwa udongo mwekundu. Mwaka sabini na nne walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba ikabomolewa. Bibi akakwangua ukuta, akajaza mkebe.

Tangu hapo kila picha ya mashamba ya Mahurunga walikohamishwa, mjomba anaimalizia kwa kupaka udongo ule kidogo kwa kidole, pale nyumba ilipokuwa. Nyumba yenyewe haichori kabisa.

Sasa leo Somoe, mke wa mwanawe, kaona ukuta wa chumba cha mzee una ufa na Idi imekaribia. Kakoroga udongo wote na maji, kausiriba.

"Baba, nimekuzibia ufa," anamwambia, tena anatabasamu!

Wote, Zuhura! Mkebe mtupu!

Mjomba hakufoka. Kaweka kiganja kwenye ukuta mbichi, kasimama hivyo hivyo mpaka Somoe akaanza kulia. Ndipo akasema, "Usilie, mwanangu. Mama kapata nyumba."

Picha aliyoianza ipo uani. Pale ilipokuwa nyumba bado peupe, na brashi kashawagawia watoto.