Stuli Nilizofungia Stoo

Alhamisi, Bungoma

Afadhali yule mteja, mama kutoka Bokoli, angenitukana.

Juzi nilitoa stuli zote za wasusi nikazifungia stoo, ati mteja akikuta msusi ameketi atadhani saluni yangu haina kazi. Kiti changu cha kaunta, kile chenye mto, nilikiacha.

Leo Nafula, na mimba yake kubwa, alimsuka huyo mama akiwa amesimama tangu asubuhi. Miguu ilimvimba mpaka akavua viatu. Niliona. Nikaendelea na simu yangu.

Kichwa kikiwa nusu, mama aliinuka, akaketi chini sakafuni, akamwonyesha Nafula kiti chake. "Keti hapo, mtoto wangu. Si hata nyumbani tunasukwa hivi?"

"Lakini mama, sakafu ni baridi," nikasema.

Wateja wote wakanigeukia, mimi na mto wangu.

Jioni nilizirudisha stuli mwenyewe. Nikangoja Nafula aseme neno, hata la hasira. Ningelipokea.

"Asante sana, madam," akasema.

Mtu mzima, ananishukuru kwa kumruhusu kuketi.