Picha ya Jicho la Mama

Mtaa wa Wafumaji,
Kairouan.
14 Novemba 2019

Mpendwa kaka Ridha,

Salamu nyingi, na baridi ya Montréal isikuonee. Mgongo wako unaendeleaje? Selma na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila nina jambo ambalo kwa wiki tisa Mama alinikataza kukwambia.

Mwezi wa tisa nilimkuta kwenye kitanda cha kufumia, anahesabu mafundo kwa vidole, macho kayafumba. Mstari wa pembeni wa zulia ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi. Mama huyu huyu! Nilipomuuliza, akasingizia uzi.

Kazi yangu hospitalini unaijua: mgonjwa anaweka kidevu, mashine inamulika jicho, na mwanga unaorudi unachora tabaka za utando wa nyuma, bila kisu wala maumivu. Nilimdanganya kwamba tunakwenda kunyoosha miwani. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, kovu tupu. La kulia, maji yalikuwa yameanza kuvuja chini ya utando. Sina ruhusa ya kumtajia mgonjwa ugonjwa wake, basi nikamwambia apumzike, nikaenda kumwita Daktari Lamia huku nikijikaza nisikimbie.

Daktari alisema ni sindano ndani ya jicho, wiki ile ile, la sivyo ni giza. Mama akachukua mkoba wake, akasimama. Akasema amezaa watoto wanne bila sindano, hawezi kuanza na jicho.

Siku tano alikataa. Shangazi Aljia alimsihi akilia. Mimi niligombana naye mpaka tukanuniana. Kila asubuhi nikimwona anapapasa kutafuta kikombe cha chai, moyo unanipasuka, maana nilijua kila siku inakula kitu kisichorudi.

Siku ya sita nilileta nyumbani ile picha ya jicho lake la kulia, nikamwekea mapajani karibu na dirisha. Nikamwonyesha tabaka moja moja, na uvimbe pale katikati. Aliiinamia kwa muda mrefu.

"Hili zulia limeingiwa na maji kwa chini," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ukaniacha nimekaa tu siku zote hizi?"

Ameshachomwa mara mbili. Ile ya kwanza aliniminya mkono mpaka pete ikaniachia alama. Picha ya jana inaonyesha uvimbe umeshuka, na herufi za ubaoni anazisoma hadi mstari wa tano. La kushoto halitarudi. Sindano zitaendelea, hadi lini daktari mwenyewe hajui.

Wasalimie Selma, Yassine na Nour. Shangazi Aljia anawabusu, na anauliza kama makrudhi, zile keki ndogo za tende alizowatumia, zilifika nzima. Mungu awafunike kwa rehema zake huko mliko.

Barua hii Mama ameisoma mwenyewe, neno kwa neno. Amefuta sentensi moja tu, ile niliyoandika kwamba aliogopa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Naziha