Mama Anasahau, Mke Wangu Amekataa Kumpa Dawa

Mshauri, nishike mkono kwa hili. Mimi nakata mawe kwenye machimbo huku Juja, shule niliachia darasa la sita kwa hivyo nivumilie, nyumbani ni Magunga, Homa Bay, na huko nimewaacha mke wangu Rispa na mama yangu Marcella, ambaye tangu mwaka jana anasahau, anatia chumvi mara mbili, anatafuta kuku tuliyekwisha kumla, na nikimpigia simu ananiita Maurice, na Maurice ni marehemu baba. Basi nikasikia kwa redio kwamba kuna viambato kwenye vyakula, kama manjano, vinavyozuia ubongo kufura na mtu asipoteze kumbukumbu, na wiki hiyo jamaa akapita machimboni akiuza unga wa dawa ya ubongo, manjano na majani makavu, nikanunua mikebe nikaituma, naye muuzaji akasema mama aache kwanza vidonge vyake vya presha ili dawa ishike. Mama alionja akatema, nikampigia simu kumbembeleza, akasema, "Maurice, mnataka kunigeuza pilau?" Nikamwambia Rispa ajaribu tena na vidonge aviweke kando, akanijibu, "Baba Tony, panda gari uje umnyweshe mwenyewe, mimi nimetemewa ya kutosha, na vidonge vyake siachi kumpa." Imeniuma, mshauri, kwa sababu mama simnyimi kitu, tangu nipate kazi nilikataza asile mboga ya osuga na dagaa wa omena kila siku kama mtu asiye na mwana, nikasema apewe mkate mweupe, soseji na soda, na jikoni kwake nikaagiza pafungwe ili apumzike. Sasa anakaa tu, hata kuongea haongei. Nimlazimishe Rispa, au nimlete mama huku nimpe dawa mwenyewe? Naogopa nitaingia nyumbani siku moja anikaribishe kama mgeni.

Joash, Juja

Joash, mapenzi yako nimeyaona, lakini aliyemlinda mama yako ni Rispa. Wewe nusura umletee kiharusi. Mpigie leo, umwombe msamaha, na hiyo mikebe itupwe chooni. Vidonge vya presha haviachwi kwa neno la mchuuzi. Presha ikipanda, ubongo nao unaumia.

Redio haikukudanganya, ila ulisikia nusu. Watafiti wanachunguza viambato vya mboga za majani, vya manjano na vya mafuta ya samaki, ambavyo huenda vikasaidia kutuliza uvimbe wa ubongo. Huenda, Joash. Hakuna aliyethibitisha kwamba vinamrudishia mtu kumbukumbu zilizopotea. Na mboga hizo ni zipi? Ni hiyo osuga. Samaki je? Ni hiyo omena. Ulichomwondolea mama sahanini ukaenda kumnunulia kwenye mkebe, kikiwa kikavu na kimechanganywa na usichokijua! Nani alikwambia anayekula osuga hana mwana? Rudisha mboga, rudisha omena, soda iondoke.

Na jikoni kwake pafunguliwe. Mwanamke aliyepika maisha yake yote ukimfungia jiko, umemfungia na mawazo, na majirani waliokuwa wakiingia kuongea naye. Moto ausimamie Rispa, lakini mama achambue mboga, aonje mchuzi, agombeze watu.

Juja usimlete. Mtu anayesahau ukimtoa kwenye nyumba anayoijua, unampoteza zaidi. Omba ruhusa kazini uende wewe. Wewe na Rispa mpelekeni hospitali Homa Bay, mumweleze daktari kila kitu hata habari ya mikebe, apimwe damu, sukari, macho na masikio, maana kusahau kwingine kuna tiba. Kama kwake hakuna, bado atahitaji watu wake karibu.

Ukifika, usisimame mlangoni ukamwuliza, "Unanijua mimi ni nani?" Mzazi hapewi mtihani. Mtajie jina lako, vuta kigoda, uchukue fungu la mboga mchambue pamoja.