Blauzi ya Kikao cha Alhamisi

Jumamosi, 4 Mei

Nimefua mapazia, nimetandika kitanda upya. Kiti cha magurudumu cha mume wangu bado kipo kando ya kabati, nimekifunika shuka. Binti yangu alipopiga simu aliuliza kama nimekitoa. Nikamwambia bado. Hapo akauliza kama bomba linatoa maji. Mtoto mwema.

Sokoni Spika amewaka! Huyu ni dada fundi redio, meza yake inatazamana na cherehani yangu. Jina tulimpa sisi, maana akicheka huku wanageuka kule kwenye samaki. Naye yuko kwenye kiti cha magurudumu tangu utotoni. Tumemchagua mjumbe wa kamati ya soko, kama mimi nilivyo mjumbe wa upande wa nguo. Ila ofisi ya kamati iko juu ya ngazi. Kikao kilichopita alibaki nje. Leo mwenyekiti kamwambia vijana wenye nguvu wapo, atabebwa kama malkia. Spika akamuuliza, malkia gani huyo anabebwa kama gunia la viazi?

Akikosa na kikao cha Alhamisi ya tarehe 16, nafasi yake anapewa mwingine. Ndiyo kanuni. Na nani tena atadai njia za kati ya meza zipanuliwe, na choo kiwe na mlango wa kupitisha kiti?

Mimi niliinamia cherehani yangu. Hata kwenye vikao huwa sisemi.

Jumanne, 7 Mei

Rampu inajengwa, njia ya mteremko kando ya ngazi! Spika mjanja. Hakuomba huruma ya mtu. Alikwenda kwa wapagazi, akawauliza mikokoteni wanaipandishaje ghalani, maana ghala na ofisi ni jengo moja, ngazi moja. Wakamwonyesha migongo yao! Jioni hiyo hiyo wakaleta mchanga. Mwenye duka la vifaa katoa saruji. Mwenyekiti naye akasema, haya, jengeni, mradi kikao kiwe siku yake.

Kazi kaichukua fundi mwashi wetu. Sakafu zake unaweza kujitazama uso.

Alhamisi, 9 Mei

Spika anataka blauzi mpya ya kikao. Kitambaa cha kijani, kaja nacho mwenyewe. Nikampima mabega, kifua, mikono. Nikakata. Jioni akajaribu mbele ya kioo.

"Mama, hii blauzi au kanzu? Mbona imefika mapajani?"

Kweli ndefu! Sikukusudia, mkono ulikata wenyewe. Mashati yote ya mume wangu niliyashona hivyo. Marefu, na kifungo kimoja cha ziada chini. Maana wakimbeba, mmoja kwapani, mmoja magotini, shati linapanda na tumbo lote linabaki wazi mbele za watu. Benki. Hospitali. Harusi ya mdogo wake. Naye anashukuru kila mtu — asanteni wanangu, asanteni — huku mkono mmoja unavuta shati chini. Hakuwahi kuniomba niyarefushe. Siku moja nilirefusha tu. Akalivaa, akapapasa pindo, akanitazama. Basi.

Nikamsimulia Spika. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasema taratibu — Spika, taratibu!

"Mama, nipunguzie. Mimi sibebwi."

Nimepunguza. Kipande kilichobaki sijakitupa.

Jumapili, 12 Mei

Rampu imekwisha! Fundi kanifuata mpaka nyumbani. Spika leo yuko kwa dada yake, na yeye hana subira, anataka kuijaribu. Kaomba kiti cha marehemu, kwa adabu, kofia mkononi. Nikaondoa shuka. Tairi zilikuwa zimepungua upepo, akazijaza.

Tukakipeleka sokoni. Nani akae? Fundi anasema yeye mnene. Nikakaa mimi. Miaka yote nimekisukuma kiti kile, sijawahi kukikalia. Kumbe ukiwa pale unaona mikanda tu! Mikanda, vifungo na matumbo ya watu.

Nikasukuma magurudumu kama alivyokuwa akifanya yeye. Katikati ya njia tairi zikazunguka bure. Kisha kiti kikaanza kurudi nyuma. Mimi napiga kelele, fundi anakimbia kunidaka, naye akateleza — sote tukaishia kwenye lundo la mchanga! Jamani! Kaipiga rampu mwiko kama anavyopiga sebule ya tajiri. Inang'aa. Inzi akitua anateleza.

Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Tangu mazishi sijacheka hivyo. Nilipofika nyumbani nikakaa, nikangoja uchungu uje. Haukuja.

Kiti sikukifunika tena.

Jumatatu, 13 Mei

Fundi kanuna. Spika kamwambia, "Kaka, nilitaka njia, umenijengea bembea ya kuteleza!" Fundi akasema tangu ashike mwiko hajawahi kusikia mtu akilalamikia ulaini. Aichafue kazi yake kwa mkono wake mwenyewe? Spika akamwambia aichafue tu, yeye ataisifu hivyo hivyo mpaka redioni.

Mchana fundi kachukua tindo na nyundo. Kila akigonga anafumba macho, kama anayemchapa mwanawe. Anasema ataweka tabaka jipya, na kabla halijakauka atalipiga mistari kwa ufagio, tairi zipate pa kushika.

Jumanne, 14 Mei

Mvua kutwa. Kazi imelala.

Spika kamwomba mwenyekiti kikao kisogezwe kidogo, saruji ikauke. Mwenyekiti kasema siku ni siku. Na vijana wenye nguvu bado wapo. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama ana kifungo cha kushonwa.

Kifungo! Mimi nami.

Jumatano, 15 Mei

Jua. Fundi kamwaga saruji asubuhi. Ufagio kaazima wangu, mistari imenyooka vizuri, safari hii hata yeye kaitazama kwa upendo. Lakini kesho haitakuwa imekauka. Keshokutwa, labda.

Blauzi nimeipiga pasi.

Alhamisi, 16 Mei

Naandika nikiwa uani mwa soko, daftari juu ya goti. Mwandiko umekuwa wa kuku.

Spika kafika mapema na blauzi yake ya kijani. Imemkaa! Fundi alikuwa keshafika, kashika fimbo, anafukuza kuku wasikanyage saruji. Akaigusa kwa kidole. "Bado, dada. Ukipita leo utachimba mitaro."

Mwenyekiti katoka juu ya ngazi, akatazama saa, akaita wapagazi wawili. Wakaja. Spika kashika magurudumu yake kwa nguvu. "Asiniguse mtu." Mpagazi mmoja akainua uso. "Mzee, mwenyewe hataki." Mwenyekiti akasema basi, aliyepo yupo, tunaanza.

Tukaingia. Nami nikaingia! Nikakaa. Katibu akaanza kuita majina. Dirishani namwona Spika peke yake na kuku. Mkono wake mmoja umeshuka kwenye pindo la blauzi, analivuta chini. Hakuna anayemgusa, na bado analivuta.

Jina langu likaitwa. Badala ya kuitika, nikasimama, nikainua na kiti.

"Mama wa cherehani, unakwenda wapi?"

"Nje. Kwenye kikao."

Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Mwenyekiti akauliza, na kiti cha ofisi nakipeleka wapi?

"Nakibeba, mzee. Chenyewe hakilalamiki."

Nikashuka nacho ngazi zote. Nikakaa ubavuni kwa Spika.  Akaliachia pindo.

Tukakaa hivyo. Nikaanza kujuta, kwa kweli. Kisha mwuza nyama akatoka na benchi zima begani, akasema humo ndani joto bwana. Nyuma yake mama wa samaki na kigoda. Kisha wengine. Katibu naye akatoka, akalalamika hawezi kuandika hewani, anataka meza. Wapagazi wakacheka — haya, ya kubeba imepatikana!

Sasa meza imekwama mlangoni. Ile meza kubwa ya mninga. Huku wapagazi wanavuta, kule ndani kabaki mwenyekiti peke yake, hawezi kutoka hata akitaka. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Spika kapata sauti yake: "Igeuzeni ubavu! Ubavu, jamani! Miguu itangulie!" Soko zima limegeuka. Fundi anapiga kelele wasije wakamwangushia meza kwenye rampu.

Mwenyekiti kaweka makaratasi yake dirishani. Anakunja mikono ya shati. Kashika mguu mmoja wa meza. Kutoka hapa sioni vizuri — sijui anavuta ndani au anasukuma nje.