Mama Kulwa, Si Mama Shija

Mama yangu, Mama Kulwa,

Natumaini huko uliko hakuna anayekuita Mama Shija. Hapa Kwihara walijaribu, tena siku ya mazishi yako, nami nikagoma.

Kwenye ibada baba mkubwa alisoma wasifu wako akasema umeacha mtoto mmoja. Nikameza. Lakini kaburini, fundi alipomaliza kusawazisha saruji, akashika msumari akiulizia jina, baba mkubwa akajibu haraka, "Andika Mama Shija." Hapo sikumeza tena. Nikasema aandike Mama Kulwa.

"Kulwa na Doto walikufa kabla hujazaliwa," baba mkubwa akaniambia. "Hukuwahi hata kuwaona. Una nini nao?"

Nikakumbuka ile siku tukibangua karanga, wewe, mimi na shangazi. Nilikuwa darasa la tano. Shangazi akanirushia bila hata kuniangalia, "Wale pacha wangepona surua, wewe usingezaliwa. Baba yako alishasema wawili wanatosha." Nikawaza, nikauliza: je, kama ningerudi nyuma na dawa nikawaponya? Si nisingezaliwa? Na kama sikuzaliwa, dawa kapeleka nani? Shangazi akacheka, eti mtoto huyu ana maneno. Wewe hukucheka. Ulinyoosha mkono kwenye ile njia ya zamani ya wapagazi inayopita nyuma ya shamba letu.

"Hapo watu walikwenda mpaka pwani wakarudi," ulisema. "Nenda na wewe kawaponye. Halafu mrudi wote watatu, nitasonga ugali mwingi."

Swali langu hukulijibu, mama. Mpaka leo wanafunzi wangu wa fizikia pale mjini wananibana nalo, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Lakini usiku huo nililala nikijua kwamba sikukalia kiti cha mtu.

Kuna jambo sikufanikiwa kukueleza, maana kila nikianza habari za chembe ulikuwa unaniuliza kama nimekula. Chembe mbili za mwanga zinaweza kufungamana, ukipima moja, jibu lake linaoana na la mwenzake. Na imewezekana hata kwa chembe ambazo hazikuwahi kuwapo pamoja. Ya kwanza ilikuwa imeshapimwa na kutoweka kabla ile ya pili haijazaliwa. Haziwezi kupelekeana habari, hata salamu. Ila zimefungamana, na hakuna baba mkubwa wa kuzitenganisha.

Nisingeweza kuyasema hayo mbele ya waombolezaji. Nikamuuliza tu, "Baba mkubwa, mimi naitwa nani?"

"Shija."

"Na Shija ni nani?"

Kila aliyesimama pale alijua kwamba Shija ni mtoto anayezaliwa baada ya pacha, hatuna Shija mwingine. Nikamwambia, "Basi ukiwafuta wao, nifute na mimi."

Fundi akakohoa. "Mzee, saruji inakauka."

Baba mkubwa akatazama pembeni. Nikauchukua msumari, nikapiga magoti, nikaandika mwenyewe. Herufi zimepinda na ile K imekaribia kutoka nje, najua ungenicheka. Shangazi, yuleyule, alikuja kunishika bega huku analia. Sikumuuliza analia nini.

Nimekukasirikia kwa kuondoka, mama, na nimekukumbuka mpaka nachoka. Wanaopita wanauliza Kulwa ni nani. Nawaambia ni kaka yangu, na Doto ni dada yangu, na nasema "ni", sisemi "alikuwa". Wakiniambia niyaache yaliyopita, nawaambia hayajapita, yamesimama hapa yanaongea nao.

Barua hii haitakufika, sheria za dunia haziruhusu. Nimeandika hivyohivyo. Lala salama, na ule ugali ulioahidi usiupunguze. Ule wasifu wa baba mkubwa naurekebisha hapa chini.

Mwanao wa tatu,
Shija