Chemshabongo ya Mwisho ya Kalunguyeye

Nyumba ya Wazee ya Ashgill,
Chumba namba 6,
Corriston, Northumberland,
Uingereza.

3 Novemba 2012

Mpendwa mwanangu Nell,

Pokea salamu zangu, wewe na Graeme na watoto. Natumaini goti lako limepona tangu ulipoanguka bustanini, na kwamba huko Dunedin jua limeanza kuwarudia. Huku majani yamekwisha mitini, na mvua ya upepo inapiga dirisha langu tangu Jumanne.

Ukitaka kujua hali yangu, sitakuficha. Moyo umechoka. Daktari alikaa kando ya kitanda wiki iliyopita akaniambia, kwa upole, nisiitegemee Krismasi. Nilimshukuru kwa kusema wazi. Maumivu si makubwa. Naandika mistari michache asubuhi, napumzika, naendelea baada ya chai, kwa hiyo usishangae mwandiko ukibadilika njiani.

Doreen, mama anayetuhudumia, amekuwa akinichungulia siku ya nne sasa. Jana alisimama mlangoni na bakuli mkononi.

"Mzee Lance, bado tu barua hiyo? Unaandika wosia wa nchi nzima?"

Nikamjibu kwamba namwandikia mtoto wa kaka yangu.

"Basi mwambie aje aone unavyonitesa na supu. Kijiko kimoja tu, halafu unajifanya umelala."

Nimeufikisha ujumbe wake. Sasa nifikishe wangu.

Nell, kuna jambo nimelibeba kwa miaka ishirini na minane. Linakuhusu wewe na baba yako. Marehemu Hilda, mke wangu, hakulijua. Nimeanza kukuandikia mara nyingi nikachana karatasi. Safari hii sina muda wa kuchana.

Unakumbuka jinsi baba yako alivyokufundisha vidokezo vya chemshabongo pale jikoni, ukiwa na miaka tisa. Alikuwa ametoka zamu kwenye kibanda cha reli, mikono bado ina grisi ya vyuma vile alivyokuwa akivuta kuruhusu treni kupita. Akakuambia: "Fanicha inayokula bila kutafuna. Herufi nne." Ukautazama mkate. Ukalitazama kabati. Halafu ukapiga ubao kwa kiganja, ukasema, "Meza." Alicheka kwa mabega tu, bila sauti, kama kawaida yake, akasema, "Umeimeza haraka mno, mama. Kesho nakuletea yenye mfupa."

Mimi nilikuwepo siku ile. Nilikuwa nimekuja kuchukua chemshabongo yake ya wiki kwa ajili ya gazeti. Nilimwuliza anavyopata vidokezo hivyo, naye akanieleza kitu ambacho sijasikia mwingine akikieleza vizuri zaidi. Alisema mtungaji wa kweli hadanganyi kamwe. Anasema kweli mbili kwa wakati mmoja, na msomaji anashika ile ya karibu. Neno moja lina milango kadhaa, na kazi ya mtungaji ni kuiacha yote wazi.

Mtu aliyesema hayo aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne. Mimi, mdogo wake, nilipelekwa chuo kikuu, nikafundisha Kilatini miaka thelathini na tano, na gazeti la Corriston likanipa ukurasa wa chemshabongo niusimamie. Nilikuwa na watungaji watano, kila mmoja akijificha nyuma ya jina la kubuni kama ilivyo desturi. Baba yako alijiita Kalunguyeye, kwa sababu ya yule mnyama mdogo wa miiba aliyekuwa akija kunywa maji nyuma ya kibanda chake. Mimi nilijiita Magister, yaani mwalimu kwa Kilatini. Barua za wasomaji zilipokuja, zilimsifu Kalunguyeye. Kwa miaka kumi na minane nilizifungua mimi, nikampelekea mimi. Magister hakuwahi kupata hata moja.

Hilo nalitaja mapema ili ujue kilichokuwa ndani yangu. Usije ukadhani nilikuwa mtu wa kanuni tu.

Sitarudia yaliyotokea kwenye mazishi ya mama yako mwaka 1976. Neno baba yako alilokuambia pale kaburini, kwamba ungekuwepo nyumbani mama yako angekuwa hai, nililisikia nikiwa hatua mbili nyuma yenu. Niliona uso wako. Mwezi uliofuata ulipanda ndege ukaenda Dunedin, upande wa pili wa dunia, na mkaacha kuandikiana.

Lakini Hilda aliendelea kukutumia ukurasa ule kila wiki, nawe uliendelea kuujaza na kuurudisha kwa posta. Majina ya waliopatia yote yalichapishwa, na wale wa mbali walipewa orodha yao mwisho wa mwezi uliofuata. Ulikuwa umeolewa, ila kwenye bahasha zile uliendelea kuandika "E. Milburn, Dunedin", herufi ya jina lako la ubatizo na jina la ukoo wetu. Sidhani kama uliwahi kujua hilo lilivyokuwa kwa baba yako. Alikuwa akija kwetu Ijumaa ile ya orodha, anavua kofia, anafungua gazeti ukurasa wa kumi na moja kabla hata ya kuketi. Akiliona jina lako, anakubali keki. Asipoliona, anasema ana haraka.

Miaka minane mliishi hivyo, wewe na yeye. Yeye anatunga, wewe unajaza, mimi katikati nafungua bahasha.

Mwanzoni mwa 1984 macho yake yaliharibika. Moja lilikuwa limekwisha siku nyingi. La pili walitaka kulipasua, na walimwambia wazi kwamba huenda lisipone. Kabla ya kwenda hospitali aliniletea chemshabongo moja, imechorwa kwa penseli nyuma ya karatasi ya zamu ya reli. Alisema, "Hii itoke tarehe tisa Machi. Usiiguse, Lance." Hakuwahi kuniambia hivyo kabla. Nilimtania, nikamwuliza tangu lini Kalunguyeye haguswi. Hakucheka.

Nilikaa nayo usiku, kama nilivyofanya kwa kila mtungaji, nikaijaza ili kuikagua. Nilipomaliza nikaona herufi za ukingoni. Visanduku vinane vya upande wa kushoto, kutoka juu kwenda chini, vilisomeka NIMEKOSA. Vinane vya upande wa kulia vilisomeka RUDI NELL.

Unamjua baba yako. Baadaye, nikisafisha nyumba yake, nilikuta kwenye droo ya jikoni karatasi saba zilizoandikwa "Mpendwa Nell" na chini yake hakuna kitu. Hakuweza kulisema jambo lile ana kwa ana wala kwa barua. Aliweza kwa njia moja tu, na alijua kwamba wewe, ambaye alikufundisha mwenyewe kukagua kingo baada ya kujaza, ungeliona.

Niliibadilisha, Nell.

Ilikuwepo kanuni. Mwaka mmoja kabla, mtungaji mwingine alificha kingoni tusi kwa diwani, mhariri mkuu akanionya kwamba mambo ya binafsi yasipite tena kwenye ukurasa wangu. Kanuni hiyo ilikuwa ya kweli, na nimejificha nyuma yake miaka yote hii. Lakini ningeweza kumwendea mhariri nikamweleza. Alikuwa na binti, angekubali. Ningeweza kumrudishia baba yako karatasi yake. Au kukuandikia wewe mistari miwili. Badala yake nilikaa mezani nikang'oa maneno sita, matatu kila upande, nikaweka yangu, nikatunga vidokezo vipya sita. Nilifanya kazi mpaka alfajiri na nilifurahi. Hilo ndilo linaloniamsha. Nilifurahi kuona kwamba vidokezo vyangu vinakaa ndani ya kazi yake na hakuna atakayeona mshono. Kimojawapo kilikuwa namba tisa: "Teremka kitandani. Herufi tano." Nilikisoma mara tatu nikijisifu.

Siku gazeti lilipotoka alikuwa bado hospitali, amefungwa bendeji usoni. Nilimpelekea machungwa. Hakuulizia machungwa.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Kama nilivyoiacha?"

"Kama ulivyoiacha, kaka."

Akatafuta mkono wangu juu ya blanketi, akaupapasa, akasema, "Asante, bwana mdogo." Tangu utotoni hakuwa ameniita hivyo.

Mtu aliyenifundisha kwamba mtungaji husema kweli mbili nilimpa uongo mmoja, mtupu, usio na mlango wa pili.

Jicho halikupona. Aliona vivuli na vichwa vya habari, basi. Ile ikawa chemshabongo yake ya mwisho, na nadhani alikuwa anajua itakuwa hivyo alipoileta.

Bahasha yako ilifika wiki ya pili ya Aprili. Umejaza yote sawasawa, na pembeni umeandika kwa kalamu nyekundu: "Namba tisa nimeipenda sana." Nililitia jina lako kwenye orodha, kwa kuwa ulikuwa umepatia. Ijumaa ya mwisho wa mwezi alikuja kwetu akishika ukuta, akakaa na kofia kichwani, akaniambia nimsomee majina. Nikasoma. Nilipofika kwako nilisita, yeye akadhani macho yangu nayo yana shida.

"Soma, mzee. Au na wewe wakupasue?"

Nikasoma: E. Milburn, Dunedin.

Hilda alileta keki, akaikataa kwa kichwa. Kisha akasema, polepole, "Basi ameona." Na baada ya hapo: "Kapatia zote, kwa hiyo ameona."

Nilikuwa nimeketi mbele yake, Nell, magoti yetu yanakaribia kugusana. Bado ulikuwepo wakati. Sentensi moja ingetosha. Nilimwuliza kama anataka maziwa kwenye chai.

Hakuniambia nimsomee orodha tena. Alisubiri posta mwezi Mei na Juni. Jirani yake aliniambia alikuwa akisimama mlangoni kila asubuhi mpaka mleta barua apite. Kisha akaacha kusimama. Alifariki tarehe kumi na tisa Novemba mwaka uleule akiamini kwamba aliomba msamaha, kwamba ombi lake lilikufika, na kwamba ulijibu kwa kujaza visanduku na kunyamaza.

Nawe umeishi mpaka leo ukiamini kwamba hakuomba kamwe. Uliniambia hivyo kwenye simu usiku wa mazishi yake: "Baba mdogo, neno moja tu lingenileta." Nilikuwa na neno hilo kwenye droo ya dawati langu, mita mbili kutoka kwenye simu. Nikakuambia kwamba baba yako alikuwa mtu mgumu.

Hakuwa mgumu. Mgumu ni mimi.

Sikuombi unisamehe. Nimewafundisha watoto wengi tofauti ya kuomba na kudai, na mtu anayeomba akiwa kitandani pa kufia anadai. Nimeandika ili ujue, na ukitaka kunichukia, unichukie mimi kwa kitu nilichokifanya, uache kumhukumu yeye kwa kitu ambacho hakukifanya. Ukiipokea barua hii nikiwa bado hai na ukataka kuniambia neno, namba ya hapa Ashgill unayo. Usipopiga, nitaelewa. Sitahesabu siku.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya baba yako yenyewe. Penseli imefifia ila inasomeka. Ile niliyoijaza kukagua ilikuwa nakala niliyojinakilia. Yake sikuigusa, angalau hiyo. Visanduku vyote ni vitupu. Gazeti limekufa tangu 2003 na hakuna orodha ya kutia jina lako. Hata hivyo naomba uijaze, kidokezo kwa kidokezo, bila kurukia kingo ambazo nimekwisha kukutajia. Mle ndani baba yako amekaa kama alivyokuwa, na huenda vidokezo vingine alivitunga kwa ajili yako peke yako. Namba ishirini na mbili inataja kalunguyeye na bakuli la maziwa. Wewe utajua.

Wasalimie Graeme, na Fergus, na Kirsty na mwanawe mchanga ambaye sitamwona. Binamu yako Winifred wa Hexham anakusalimu. Yeye ndiye atakayekupigia simu ikibidi. Doreen naye, ingawa hamjuani, amesema nimtie kwenye salamu kwa sababu bahasha anailamba yeye.

Mungu akujalie miaka mirefu na mikono isiyotetemeka, na kila mlango uliofungwa kwa sababu yangu akufungulie.

Wako aliyekupenda na kukukosea,
baba yako mdogo,
Lance Milburn

N.B. Namba tisa uliyoisifu mwaka ule ilikuwa yangu. Namba tisa ya baba yako imo kwenye karatasi hii. Ni bora kuliko yangu, na nililijua hilo usiku uleule nilipoing'oa.