Ng'ombe Aliyeogopa Mashine za Upepo

Nyanya mpendwa,

Salamu kutoka Ngong, nyumbani kwa Shangazi. Mutua akusomee polepole, asiruke mistari. Huko Kaloleni hatujui upepo. Wa hapa ulininyang'anya kitambaa cha kichwa mara tu nilipofika kilimani.

Juu ya kilima wameweka mashine ndefu zenye mbawa, zinazotengeneza stima kwa upepo. Jirani ya Shangazi, Mama Naserian, alikuwa na taabu. Ng'ombe wake Sampu, aliyezaa juzi, aliogopa mvumo wa mashine hizo, na maji ya kunywa yapo ng'ambo ya mashine. Asipokunywa, ndama hapati maziwa.

Leo asubuhi tulimsindikiza Sampu. Mama Naserian alitangulia akimwimbia kwa jina, kama Wamaasai wanavyowaita ng'ombe wao. Sampu alisimama, akatega masikio, kisha akamfuata hadi majini. Wakati wa kurudi jua lilikuwa limepanda, naye akaenda mwenyewe kulala kwenye kivuli chembamba cha mojawapo ya mashine zile zile, akicheua.

"Mtazameni huyu!" Mama Naserian alicheka. "Jana mashine ilikuwa shetani, leo mti!"

Nikamuuliza, "Na stima yenyewe, Mama, itafika kwako?" Maana bado anatumia koroboi.

"Itafika, mwanangu. Kama Sampu amekubali, serikali ni nani ikatae?"

Jioni hii ndama amenyonya mpaka povu likamjaa mdomoni. Nyanya, Mungu ayape nguvu magoti yako, na chai yako isikose maziwa.

Mjukuu wako akupendaye,
Mumbua